Noti za chuo si kumbukumbu za kikao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala la wanafunzi wa vyuo vikuu na noti zao, suala ambalo kila mitihani inapokaribia huzungumzwa kwa lawama tu: wahadhiri husema vijana wa siku hizi hawaandiki, vijana husema wahadhiri wanakimbiza somo, na wazazi wanaolipa ada hubaki katikati wasijue wamwamini nani. Nimefanya kazi ya ukatibu muhtasi katika ofisi za umma hadi kustaafu, na sasa naishi hapa Isevya, Tabora, katika nyumba ambayo baadhi ya vyumba vyake nimewapangisha wanafunzi. Madaftari yao nayaona, na kunasa maneno ya mtu yanapomtoka kinywani ndiyo kazi iliyonilisha. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa si kwamba wanaandika kidogo. Wengi wanaandika mno, na wanachokiandika si chao.

Wasomaji wa rika langu wanakikumbuka Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Sisi tuliosomea uhazili, yaani kazi ya ukatibu, tulifundishwa hatimkato, mwandiko wa mkato wa kunasa maneno kwa kasi, ambayo katika mfumo wa Mwingereza Isaac Pitman, aliouchapisha mwaka 1837, hugeuza sauti kuwa mistari: mstari mwembamba ulioinama ni p, mstari huohuo ukikolezwa unakuwa b, na irabu huwekwa pembeni kwa nukta na vistari. Kiwango kilichokuwa kikidaiwa, na ambacho matangazo ya ajira za makatibu muhtasi yaliendelea kukitaja miaka mingi baadaye, ni maneno 100 kwa dakika moja. Lakini kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo ni vigumu kuliamini. Bosi akishamaliza kunisomea barua, ungeniuliza barua ile ilihusu nini, mara nyingi nisingeweza kukujibu mpaka nifungue daftari. Sikio lilipokea na mkono ukaandika, bila akili kushirikishwa. Kwa katibu hilo si dosari hata kidogo, kwa kuwa anatakiwa kuyarudisha maneno yaleyale pasipo kuongeza wala kupunguza. Mwanafunzi ambaye noti zake zimepatikana kwa njia hiyo ametoka darasani jinsi alivyoingia.

Na ndivyo zinavyopatikana. Kijana mmoja alinionyesha kaunta buku yake ya semista nzima, mwandiko safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, wino mwekundu na wa bluu kila mmoja mahali pake. Nilipoisoma kwa makini niliona amenakili slaidi za mhadhiri neno kwa neno, hadi namba ya kila slaidi kwenye kona, na mwisho wa mada moja alikuwa ameandika pia maneno ya mhadhiri ya kuwashukuru wasikilizaji wake. Hapakuwa na swali hata moja, wala alama ya kuonyesha mahali alipopotea, wala mfano alioufikiria yeye. Nilimwomba anieleze ukurasa mmoja bila kuutazama, akacheka, akasema mtihani bado uko mbali.

Sitaki kumwita mvivu, kwa sababu uvivu haujazi kaunta buku. Nadhani lugha ina sehemu kubwa katika hili. Mtoto wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, kisha akafika chuo akiwa bado anapigana nacho. Mhadhiri anapozungumza Kiingereza kwa saa mbili, njia salama kwa mwanafunzi ambaye hajaelewa ni kunakili kila kitu kwa matumaini kwamba ataelewa baadaye akiwa chumbani, na hiyo baadaye mara nyingi ni usiku wa kuamkia mtihani. Pendekezo langu, ambalo najua baadhi ya wahadhiri watalipinga, ni kwamba mwanafunzi aandike istilahi kwa Kiingereza kama ilivyotajwa, lakini maelezo yake ayaandike kwa Kiswahili na kwa maneno yake mwenyewe. Huwezi kuliweka wazo katika lugha nyingine kabla hujalielewa, kwa hiyo jaribio hilo dogo litamwonyesha papo hapo kama ameelewa au la. Watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza wanasema kweli, na ndiyo maana mazoezi ya kujibu maswali kwa Kiingereza yafanyike siku zinazofuata, wakati kitu cha kujibu kimeshaingia kichwani.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wakaonyesha kwamba waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, na mengi yakiwa yaleyale ya msemaji, lakini maswali yaliyohitaji kufikiri yaliwashinda kuliko wenzao walioandika kwa mkono. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakuipata tofauti hiyo ya matokeo kwa uzito uleule, na kwa hiyo simwambii mzazi yeyote amnyang'anye mwanawe kompyuta. Ninachokichukua ni kile kinacholingana na niliyoyaona kazini: chombo cha kuandikia kikiwa na kasi, kishawishi cha kunasa kila neno huwa kikubwa.

Ipo njia moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aijaribu, nayo haihitaji chochote zaidi ya daftari na rula. Ilibuniwa na Walter Pauk katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika miaka ya 1950. Ukurasa unagawanywa kwa mstari wa wima, upande wa kushoto ukibaki na upana wa sentimita 6 hivi na wa kulia ukipata nafasi yote iliyobaki, kisha chini zinaachwa sentimita 5. Darasani unaandika upande wa kulia tu, kwa ufupi. Tuseme somo ni la historia na mhadhiri anaeleza vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa hapa Unyanyembe. Upande wa kulia utaandika: 1871, Mirambo afunga njia ya Ujiji, Stanley aungana na Waarabu, washindwa, azungukia kusini kumfuata Livingstone. Hayo yanatosha. Jioni, ukiwa umetulia, unaandika maswali upande wa kushoto: njia ya Ujiji ilipitisha nini hata kufungwa kwake kukawaumiza wafanyabiashara wa Tabora? Mirambo alifaidika vipi? Ukishindwa kujibu swali la kwanza, ambalo jibu lake ni kwamba pembe za ndovu zilizotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zilipita humo, umegundua pengo lako mapema, na mwenye jibu bado unaweza kumpata. Chini ya ukurasa unaandika sentensi mbili au tatu za kueleza somo zima lilikuwa linasema nini. Hapo ndipo wengi hukwama, na kukwama huko kuna faida kubwa kuliko kurasa kumi zilizonakiliwa.

Faida kubwa ya ukurasa huo, hata hivyo, inaonekana baadaye, pale unapoufunika upande wa kulia kwa karatasi na kujibu maswali ya kushoto kwa kinywa au kwa kuandika. Vijana wangu hapa nyumbani husoma noti zao tena na tena hadi zinawaonekea za kawaida, wakadhani wamezijua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha matokeo yanayowahusu moja kwa moja. Wanafunzi waliosoma kifungu cha habari mara mbili walikumbuka zaidi walipoulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokisoma mara moja na kujaribu kukieleza bila kukitazama walikumbuka asilimia 56, na wale waliorudia kusoma asilimia 42. Anayesoma usiku wa kuamkia mtihani basi anafaulu kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu hawezi kushawishika kwamba njia yake ni mbaya. Semista inayofuata, kozi inayojengwa juu ya ile ya kwanza ndiyo inayomuumbua.

Kuhusu madesa, yaani noti za wengine zilizorudufiwa, yanayouzwa kwenye steshenari, picha za ubao zinazorundikana kwenye simu na programu za akili unde zinazofupisha mhadhara, sina mengi ya kusema. Ni vitu vya kusaidia ulipokosa kipindi au kusahihisha ulichosikia vibaya. Rekodi ya saa mbili inataka saa mbili nyingine za kuisikiliza, na sijamwona aliye nazo.

Ningeomba vyuo vifanye mambo mawili. La kwanza, kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo vyuo vingi huifundisha mwaka wa kwanza, isiishie kutaja faida za kuandika noti. Mwalimu asome mhadhara mfupi, akusanye madaftari, ayasahihishe na kuyarudisha, kama tulivyosahihishiwa hatimkato yetu mstari kwa mstari. La pili linawahusu wahadhiri wote: kila baada ya dakika 20 hivi wanyamaze kidogo, slaidi izimwe, wanafunzi waandike kwa maneno yao kilichosemwa na kumuuliza jirani mahali pasipoeleweka. Najua madarasa ya miaka ya kwanza yamejaa na mtaala ni mrefu, lakini mada iliyonakiliwa na watu mia tatu bila kueleweka haijafundishwa.

Na maswali ya mitihani yabadilike pamoja na hayo. Swali likiwa ni kutaja sifa saba za kitu fulani, na sifa hizo saba zikiwa ziko kwenye slaidi ya tisa kwa mpangilio uleule, mwanafunzi aliyekariri madesa atampita yule aliyeandika maswali pembeni ya ukurasa wake, na semista ijayo nitawaona wote wawili wamepanga foleni steshenari, wala sitakuwa na neno la kuwaambia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu Muhtasi Mstaafu,
Isevya, Tabora.