YAH: MALALAMIKO KUHUSU FULANA ZA MEI MOSI MLIZOZICHAPA MSHAZARI

Meneja,
Idara ya Uchapaji wa Nguo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu. Tumejitahidi kuiandika barua hii kiungwana, na tunaomba isomwe hivyo hivyo mpaka mwisho.

Oda yetu mnayo kwenye daftari: fulana 120 za pamba, jezi 30 nyekundu za polista na fulana 24 za kola. Nguo zetu, filamu za DTF zetu (zile za plastiki zenye nembo iliyokwisha chapwa, inayohamia kwenye nguo kwa joto). Kazi yenu ilikuwa kuzilaza na kuzipiga joto tu. Masharti ya dhamana mmeyaandika wenyewe nyuma ya risiti, hatuna haja ya kuwasomea.

Fulana 38 kati ya zile 120 maandishi yamekaa mshazari, tena si mshazari wa kubishaniwa. Chukueni futi ya kushonea mpime kutoka mshono wa kola hadi kichwa cha herufi: kushoto sentimita 7, kulia 9 na nusu. Tulipozirudisha, kijana wenu wa kaunta aliishika moja kwa ncha mbili, akaivuta mpaka maandishi yakaonekana yamenyooka, akatuambia mbele ya watu: “Mbona iko sawa? Fulana ni nguo, si karatasi. Ukiivaa itajinyoosha.”

Haijinyooshi. Aliyelaza alifuata mshono wa ubavuni, na fulana nyingi za madukani kitambaa chake kimejipinda, mshono wa ubavu umeshasogea mbele au nyuma. Kinachofuatwa ni kola, mabega na makwapa. Fulana inakunjwa katikati kwa urefu, bega juu ya bega, kwapa juu ya kwapa, inapigwa joto sekunde 3 hadi 5. Ukiifungua una mstari kutoka kola hadi pindo. Filamu nayo inatiwa alama katikati, juu na chini, alama zote mbili zinakaa juu ya mstari. Kwa mtu mzima nembo inaanza sentimita 7 au 8 chini ya kola, kwa mtoto 4 au 5. Na saizi zinatenganishwa kabla ya kuanza. Nyinyi mmechanganya S na XXL kwa kipimo kimoja, ndiyo maana kwenye zile ndogo maandishi yameshuka tumboni.

Ule mkunjo ungewasaidia na jambo jingine. Aprili hii ya masika, fulana iliyolala kwenye mfuko ina unyevu hata kama mkono hauusikii. Isipopashwa kwanza, maji yanageuka mvuke chini ya filamu, gundi haishiki, yanatoka mapovu. Tumeyakuta. Tumekuta pia nyuzinyuzi zimenaswa chini ya wino mweupe, wakati rola ya kunata ingeziondoa. Filamu tuliyowapa ni ya kubanduliwa ikipoa: nyuzi joto 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15, iachwe ipoe kabisa, ibanduliwe taratibu, nguo irudi kwenye joto chini ya karatasi ya tefloni sekunde 5. Fundi wenu ameibandua ingali ya moto. Kingo zote zimenyanyuka.

Hatujamaliza ya kaunta. Kabla hata hajaivuta fulana, kijana huyo alikwangua herufi ya kwanza kwa ukucha, ikanyanyuka, akairudishia kwa kidole gumba kana kwamba anabandika stempu. Ndipo akaishika, mkono mmoja begani, mwingine kwenye pindo la upande wa pili, akavuta. Wino ukapasuka pale pale, ufa ukapita katikati ya nembo. Mteja wetu, ambaye ndiye atakayeivaa kwenye maandamano, alikuwa amesimama kando yetu anaangalia. Kijana akarudia, “Si karatasi,” akaitupa juu ya zile nyingine, akaita, “Anayefuata!”

Kwa hiyo kati ya zile 38, moja imeharibika mara mbili, na mara ya pili ni mikononi mwa mtumishi wenu.

Za kola mmezipiga juu ya vifungo bila kuweka mto wa sponji. Bamba la mashine limekaa juu ya vifungo, nembo ya kifuani imepata mgandamizo upande mmoja tu. Jezi ndizo mbaya zaidi. Polista nyekundu haipigwi joto la pamba. Inapigwa nyuzi joto 120 hadi 130 kwa filamu yenye tabaka la kuzuia rangi, na filamu hizo tuliwapa kwenye bahasha ya peke yake. Mmetumia zile za pamba kwa joto la pamba. Rangi ya kitambaa imepanda, nembo nyeupe sasa ni ya waridi, zote 30.

Tulikuja kudai 38 zirudiwe. Sasa tunadai zote 120 pamoja na jezi na za kola, kwa sababu hata zilizonyooka zimebanduliwa moto na hazitamaliza mafuo matatu. Ziwe nguo mpya na filamu mpya kwa gharama yenu, maana DTF ni nadra kutoka kwenye kitambaa bila kuacha doa, wala hatutapokea chapa juu ya chapa. Nusu ya malipo iliyobaki hatulipi mpaka tuzipime moja moja, hapo hapo kaunta, na kijana huyo akiwepo.

Mwisho ni tarehe 25 Aprili saa kumi jioni, kabla ya sikukuu ya Muungano. Ikipita, tunadai na malipo ya awali yote, pamoja na nauli. Picha za fulana zikiwa na futi juu yake zitakwenda kwenye makundi ya WhatsApp ya wachapaji wa Kariakoo, na nakala ya barua hii itapelekwa Tume ya Ushindani pamoja na fulana yenye ufa.

Wenu,
Wateja wa oda ya Mei Mosi