Mume wangu anataka nyumba ya kiwandani, na saini yangu ndiyo inayosubiriwa

Mhariri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bombo, wilaya ya Luweero, Uganda. Mume wangu alistaafu jeshi mwaka jana, na tangu apate kiinua mgongo wimbo ni mmoja: nyumba. Wala si ya matofali. Anataka ile inayotengenezwa kiwandani, kuta za paneli za bati zenye povu katikati, inaletwa kwa lori na kusimamishwa kwa siku chache. Aliiona moja Kampala, akaingia ndani, akarudi akinieleza mpaka soketi zilipo.

Namwelewa. Miaka 22 tumekaa kambi za jeshi, watoto watatu na kila mmoja amezaliwa kambi yake. Na mtaani kwetu nyumba zilizokwama kwenye lenta ni nyingi, nyasi zimeota hadi chumbani. Anaogopa kuzeeka akinunua saruji mfuko mmojammoja.

Shida ni pale pa kuiweka. Ardhi tuliyo nayo ni kibanja kwenye mailo, yaani tuna haki ya kukaa na kulima, lakini hati ya ardhi ni ya mtu mwingine. Tulikinunua 2009. Mzee mwenye mailo tulimpelekea kanzu, zawadi ya kujitambulisha, akatukubali, na busuulu, kodi ndogo ya ardhi anayolipwa mwenye mailo, tulilipa kila mwaka. Mzee alipofariki watoto wake wakaanza kugombania urithi. Sasa tukipeleka busuulu, huyu anasema mpelekee yule, na yule hapokei. Najua sheria ya 2010 inasema mwenye kibanja halali haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu tu. Lakini kama hawapokei, kesho si watasema hatulipi? Risiti za mzee ninazo zote, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Mume wangu anasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kununua nyumba ya kubebwa: wakitusumbua, tunaifungua, tunaondoka nayo.

Mdogo wangu anaishi Texas, Marekani, katika nyumba ya namna hiyo. Kule zina viwango vya serikali kuu tangu 1976, na chini kuna fremu ya chuma ambayo hufungwa magurudumu wakati wa kuivuta. Alikopeshwa kwa nyumba peke yake, riba ikiwa juu kuliko ya mkopo wa nyumba na ardhi pamoja, na kiwanja anakodi. Kodi ya kiwanja imepandishwa mara mbili. Nilipomuuliza kwa nini asihame, alisema kibali, gari la kuvuta na mafundi wa kuisimamisha upya vingemla akiba yote. Wengi anaowajua, nyumba ikishawekwa haiondoki tena.

Hii ya mume wangu haina hata fremu hiyo. Inafungwa kwa bolti kwenye zege. Zege, shimo la choo na baraza havibebeki. Na barabara ya kwetu ni ya maramu yenye mteremko. Mvua za Aprili zikinyesha hata bodaboda hushuka akasukuma. Lori lenye kreni litapita wapi?

Bei ni shilingi milioni 62, bila usafiri wala zege. Tuna milioni 38. Wauzaji wanataka asilimia 70 kabla hawajakata paneli hata moja. Inayobaki tukope kwenye sako, chama chetu cha akiba na mikopo, tulipe kwa miaka 3. Afisa wa mikopo alitueleza kwamba kwa sheria ya 2019 nyumba yenyewe inaweza kusajiliwa kama mali inayohamishika, lakini ikishashikana na zege dhamana hiyo ni dhaifu, kwa hiyo wanataka kibanja pia. Mkataba wa kibanja una jina la mume wangu, ila ndipo tunapolima mihogo na maharage ya watoto, na sheria inataka nikubali kwa maandishi. Mwenye mailo naye lazima aridhie. Yupi kati yao?

Mimi nimependekeza hizo milioni 38 tununue kiwanja kidogo chenye hati upande wa Wobulenzi, tuendelee kupanga miaka michache, nyumba ifuate. Mume wangu aliniuliza, "Mama, na mimi nitalala kwa watu mpaka lini?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Ana miaka 54.

Naomba ushauri wa mliopitia haya, hasa mlioweka nyumba za paneli au kontena juu ya kibanja. Kuna aliyewahi kuihamisha kweli, na ilimgharimu nini? Mliishije na joto la mchana? Warithi wakigombana, ridhaa mliipata kwa nani, na sako ikaikubali? Na kina mama, mmewahi kukataa kutia saini na nyumba ikabaki na amani? Fomu iko kabatini, na sako wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu, Bombo