Kurasa 3 tu za Dijkstra

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi dereva wa boda kanifikisha mpaka mlangoni kwa kufuata ramani ya simu tu, nikamkumbuka Edsger Dijkstra, yule mtaalamu wa kompyuta Mholanzi ambaye mwaka 1956 alikaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake wakinywa kahawa, na ndani ya dakika kama 20, bila hata kalamu, akapata kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote. Akaichapisha 1959, kurasa 3 tu! Mpaka leo watafiti wanainukuu, na 1972 akapewa tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta.

Sasa huku vyuoni kwetu mhadhiri akitaka kupanda cheo anahesabiwa machapisho, jamani, mbona hatuulizi yamemsaidia nani? Inaniuma kweli.

Mwalimu wa kompyuta, Morogoro