Barua ya wazi kwa mashabiki wa Coastal Union: Mkwakwani ni kwetu hata siku Simba na Yanga hawapo

Wanangu na wajukuu zangu wa Tanga, wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora, Mabawa, Usagara mpaka kule Pongwe, asalaam aleikum, na wale wa tumsifu Yesu Kristo nao nawasalimu vilevile.

Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, nikasema bora niliandike, maana pale kijiweni kwenye kahawa tunaongea wazee watupu, nyie vijana mnapita na bodaboda zenu hamna habari. Ni kuhusu uwanja wetu. Nendeni Mkwakwani siku Coastal inacheza na Namungo au JKT Tanzania mkaangalie wenyewe. Majukwaa ya mzunguko meupe, watu wamekaa mmoja hapa mwingine kuleee, muuza karanga anazunguka uwanja mzima anarudi na sinia lake limejaa vilevile, mpaka unamsikia kipa anavyowapanga mabeki wake kana kwamba mko mazoezini. Alafu wiki inayofuata anakuja Yanga au Simba, hapo saa nne asubuhi foleni ishafika barabarani, watu wametoka Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto, kiingilio kimepanda na hakuna anayelalamika, mnaingia mnajaa mpaka juu ya ukuta. Ila nikitazama majukwaa naona kijani na njano ya Yanga, au naona nyekundu ya Simba wa Msimbazi. Ni watoto wetu haohao, nawajua, huyu wa Barabara ya 10, yule baba yake alikuwa anafanya kazi bandarini, wamekaa kwenye uwanja wa Tanga wanaishangilia timu iliyokuja na basi kutoka Dar, na kijana wetu akikokota mpira wanamzomea.

Hapo ndo panaponiuma, na nasema kwa mapenzi kabisa, sina ugomvi na mtu.

Najua mtanijibu kwamba mzee, nchi hii kila mtu ana Simba yake au Yanga yake, amerithi kwa baba. Ni kweli, siwezi kubisha, hata ndani ya nyumba yangu wapo wa kila upande na tunakula sahani moja. Sijaja kuwaambia muache. Msimu mzima shangilieni mnachotaka, kaeni banda umiza mnapoonyeshwa mpira kwenye TV mpige kelele zenu, lakini zile dakika 90 ambazo Coastal iko Mkwakwani kuweni wa Coastal. Mechi za nyumbani kwa msimu ni 15 tu, sasa hizo 15 kweli hatuwezi?

Na nyie wa Simba ndo mnajua kuliko mtu yeyote uwanja wa nyumbani unafanya nini. Kumbukeni msimu wa 2018/19, Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba imeenda Kinshasa kwa AS Vita imepigwa 5, imeenda Misri kwa Al Ahly imepigwa 5 tena, imeenda Algeria kwa JS Saoura imepigwa 2. Ukiambiwa hiyo timu itavuka makundi utacheka. Ila hao hao wote walipokuja Dar uwanja wa Kwa Mkapa, Saoura kafa 3, Ahly kafa 1 bila, Vita kafa 2-1, na Simba ikaingia robo fainali. Wachezaji walikuwa walewale na kocha yuleyule. Kilichobadilika ni watu elfu 60 wanaopiga kelele kuanzia wachezaji wanapasha misuli mpaka filimbi ya mwisho, mpaka mgeni miguu inakuwa mizito, anapiga pasi ya mita tano inatoka nje. Mkiamini hilo Kwa Mkapa kwa nini hamuamini Mkwakwani?

Hata Ulaya wameliona. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja, Ujerumani walirudi kucheza majukwaa matupu, na timu za nyumbani zikaanza kushinda kwa nadra kuliko ilivyokuwa zamani, waamuzi nao wakawa hawawabebi tena wenyeji kwenye kadi. Watu walipotoka na faida ya nyumbani ikatoka nao. Sie Tanga tunajifanyia korona yetu wenyewe kila wiki mbili bila mtu kutulazimisha.

Na msidhani nawaambia kitu ambacho Tanga hatukiwezi. Klabu hii ni ya 1948, ina miaka mingi kuliko Tanganyika huru. Mwaka 1988 tulichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na mimi nilikuwepo, ule mwaka Mkwakwani mgeni akishuka kwenye basi anakutana na ngoma nje ya geti, akiingia ndani anakuta mama zetu wa Ngamiani na leso zao wameshakaa, wanaimba, na hawanyamazi. Juma Mgunda ambaye nyie mnamjua kama kocha alikuwa kijana wa hapahapa, Coastal damu. Enzi hizo tukicheza na ndugu zetu wa African Sports, wa Barabara ya 12, mji unagawanyika kabisa, duka na duka hawasalimiani mpaka Jumatatu. Hakuna aliyekuwa anasubiri Simba ije ndo aende uwanjani. Tulikuwa na mpira wetu.

Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2016 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu zikashuka msimu mmoja. Zote. Sijawahi kuona mji unazizima vile. Na mwaka huohuo, nusu fainali ya Kombe la FA na Yanga hapahapa Mkwakwani, ikaenda muda wa nyongeza, Yanga wanaongoza 2-1, mawe yakaanza kurushwa, mechi ikavunjika. Vijana wangu, mtu anayerusha jiwe asijiite shabiki wa Coastal. Jiwe halijawahi kurudisha goli. Linaleta faini, linaleta kufungiwa uwanja, na linamfundisha mama mwenye mtoto mgongoni kwamba pale si mahali pake, na huyo mama akiondoka na watoto wake wanakua bila kuijua Coastal. Mkimuona mtu ana jiwe mkononi mshikeni nyie wenyewe kabla polisi hajafika.

Tukarudi ligi kuu 2018, na hii timu maskini ya Mungu imefanya makubwa ambayo nadhani hatukuyapa uzito wake. Julai 2022 fainali ya FA pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha, Mgunda akiwa kocha, Abdul Suleiman Sopu akaipiga Yanga goli tatu peke yake! Tatu, kwenye fainali! Ikaisha 3-3, tukafa kwenye matuta ya penati. Msimu wa 2023/24 tukamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba tu, tukapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, Bravos do Maquis ya Angola wakatutoa. Sasa najiuliza, timu ya nne kwenye nchi nzima, na mechi zake nyingi nyumbani ilicheza mbele ya viti vitupu, je ingekuwa na watu?

Alafu ukaja msimu wa 2024/25, uwanja wetu haukuwa tayari, tukawa tunaitwa wenyeji huku tunacheza Dar na Arusha. Yanga walitufunga 1-0 Arusha sie tukiwa eti nyumbani, Simba wakatupiga 3 palepale Arusha. Mtoto wa Tanga akitaka kuiona timu yake apande basi kutwa nzima. Ule msimu ulinifundisha kwamba uwanja unaweza kuondoka. Kwaiyo mnaposema nitaenda mechi ijayo, nitaenda ijayo, kumbukeni kuna wakati hapakuwa na ijayo.

Watu wanasema Mkwakwani haina hadhi. Agosti 2023 Ngao ya Jamii nzima, yale mashindano ya kufungua msimu, ililetwa hapa, Simba na Yanga wakacheza fainali kwenye nyasi zetu, kipa wa Simba Ally Salim akapangua penati tatu, nchi nzima inaangalia Tanga. Hoteli zilijaa, bajaji zilipiga hela, muuza mihogo akaishiwa saa nane mchana. Kwaiyo mji una watu na watu wana hamu ya mpira. Tunachokosa ni kuwa na hamu na cha kwetu.

Sasa nielezee kitu kimoja ambacho naomba mkisikilize vizuri, maana wengi mnaokaa juu hamkioni. Mie napenda kukaa chini kabisa mbele, upande ule beki wa pembeni anapita. Siku moja kijana wetu, mdogo sana, sidhani alikuwa amefika miaka 20, alipoteza mpira mara moja dakika za mwanzoni. Nyuma yangu wakaanza, kwa jina, na jina la mama yake, na kabila lake. Uwanja ukiwa mtupu kila neno linafika. Nilimuona anageuza shingo kidogo, hakututazama, aliinamisha kichwa tu akavuta soksi. Kuanzia hapo hakupiga krosi tena, kila akipokea mpira anarudisha nyuma haraka kama unamuunguza. Kipindi cha pili akatolewa, na haohao wakashangilia kutolewa kwake. Baadae nikaambiwa mmoja wao alikuwa na mkeka wa kubeti, aliweka hela Coastal ishinde, umechanika.

Wanangu, kubeti ni mambo yenu na Mungu wenu, mimi msimamo wangu mnaujua. Lakini usichukue hasira ya mkeka ukammwagia mtoto wa mwenzio anayelipwa kidogo na wakati mwingine hiyo kidogo yenyewe imechelewa. Akikosea mpigie makofi, mwite jina lake kwa nguvu, uone dakika inayofuata atakimbia vipi. Ukiwa na la kumsema subiri filimbi ya mwisho, kamseme kijiweni.

Na matusi kwa jumla yapunguzeni. Utani wa jadi naujua, nimeuishi, mtani umtanie mpaka ashindwe kumeza, hiyo ndo raha ya mpira wa pwani. Matusi ya nguoni si utani.

Kwenye kushangilia nawaomba mfike mapema. Mechi ya saa kumi jioni mtu anaingia saa kumi na nusu, anauliza ngapi ngapi, anatoka dakika ya 80 kuwahi daladala. Timu inapasha misuli haina hata mtu wa kuipigia kofi. Angalieni Mbeya City walivyofanya 2013/14, timu ndio kwanza imepanda daraja, mji mzima ukavaa zambarau, uwanja wao wa Sokoine unajaa kila mechi, wakasafiri na mabasi mikoani, na timu ikamaliza ya tatu juu ya Simba. Hawakuwa na tajiri wa kutisha. Walikuwa na watu waliokubaliana tu kwamba hii ni yetu. Kile kipindi niliwaonea wivu kweli.

Kama huna hela ya kiingilio kila mechi, hilo naelewa, maisha yamebana, nenda moja kati ya mbili. Ila kama buku tano ya banda umiza na soda unayo, Mkwakwani si mbali, kwa baiskeli umefika. Na kiingilio lipa. Mtu anapenyezwa mlangoni na jamaa yake, alafu kesho analalamika wachezaji hawajalipwa. Zile hela za mlangoni ndo mafuta ya basi la kwenda Kigoma na Mbeya.

Viongozi nao neno moja, sitaki kurefusha: vyoo vya kina mama viwe safi, kiingilio cha mechi ndogo kiwe kidogo kweli, na wanafunzi waingie bure siku za kawaida, hawa ndo mashabiki wa miaka 30 ijayo. Hela mnazokusanya kwa ajili ya mambo ya gizani usiku wa kuamkia mechi nunueni ngoma na matarumbeta.

Nilichokubaliana na wazee wenzangu ni hiki. Mechi ya nyumbani inayofuata, ambayo mgeni si Simba wala Yanga, tutakutana Barabara ya 11 baada ya sala ya adhuhuri, tutatembea kwa miguu mpaka uwanjani, taratibu, maana magoti hayaruhusu haraka. Mwenye ngoma aje nayo, mwenye jezi ya Coastal avae, asiye nayo avae shati lolote lisilokuwa la timu za Dar. Wale wa African Sports mnakaribishwa, na siku yenu mkicheza tutakuja kwenu, tushapeana ahadi. Kina mama tutawatafutia sehemu ya mbele yenye kivuli. Vijana wawili watatu wenye sauti wanitafute kabla ya siku hiyo tupange nyimbo, kuna za 1988 bado nazikumbuka zote na nataka kuwafundisha.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga