Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mafuta yaliyosahaulika ndani ya jicho

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu mafuta yasiyojaza hata kijiko cha chai, yaliyokaa ndani ya jicho la kaka yangu zaidi ya miaka miwili, ilhali yalitakiwa kutolewa baada ya miezi michache.

Kaka ni fundi wa kuchomelea huku Njombe. Siku moja akikata bomba kwa grenda, kipande cha chuma kilimwingia jicho la kulia. Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Huko wakakuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Madaktari waliirudisha mahali pake, wakaipiga leza, kisha wakajaza jicho mafuta ya silikoni yaishikilie mpaka ipone.

Sina neno baya juu ya mafuta yenyewe. Paul Cibis wa Marekani alieleza matumizi yake mwaka 1962, na tangu hapo yameokoa macho mengi yaliyokuwa yamekatiwa tamaa. Ipo pia gesi, ambayo huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini mwenye gesi jichoni hapaswi kupanda ndege wala kwenda nyanda za juu, kwa sababu gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda ghafla. Njombe iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa gesi, kaka angebaki Dar akisubiri, na hatuna ndugu huko. Kwa mafuta alipanda basi, akapita Kitonga, akafika nyumbani salama.

Alilala kifudifudi siku nyingi kama alivyoagizwa. Mama alitoboa godoro la sponji kwa kisu cha jikoni ili apate pa kupumulia. Wiki ya tatu alihesabu vidole vyangu. Baadaye, akiwa na miwani mizito (mafuta hubadilisha nguvu ya jicho), alisoma namba ya bodaboda iliyopita barabarani. Mama alilia, nami nililia.

Lakini karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa Kiingereza, na suala la kutoa mafuta lilikuwa herufi nne tu za ufupisho. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili hauyafyonzi, kwamba kuna upasuaji wa pili, kwa kawaida kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Jicho lilikuwa linaona na haliumi. Ungetuuliza, tungekujibu kwamba amepona.

Mafuta yakikaa muda mrefu huvunjika vitone vidogo vidogo. Vitone hivyo huja mbele ya jicho na kuziba njia ya maji yake, presha ikapanda. Lenzi huingiwa na mtoto wa jicho. Hata konea, kioo cha mbele, huweza kuota utando wa chokaa. Kaka alianza kuona chenga, akadhani ni vumbi la kazini. Tulipofika tena hospitali, daktari aliniita nitazame kwenye darubini yake. Niliona mstari mweupe kama povu la maziwa, umekaa juu badala ya chini, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Presha ya jicho, ambayo kawaida huwa 10 hadi 21, ilisoma 44. Mafuta yakatolewa. Mshipa wa kuonea ulikwisha kufa, na jicho lile halioni tena.

Sisemi kila jicho litolewe mafuta kwa kalenda. Yapo macho ambayo retina itabanduka tena yakitolewa, na daktari huamua kuyaacha. Naomba tu uamuzi huo ufanywe na daktari aliyemwona mgonjwa. Kwetu uliamuliwa na kutojua, na hata tungejua, sijui nauli tungeitoa wapi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023. Mheshimiwa, katika kitita cha mafao, kuweka mafuta na kuyatoa kuhesabiwe kuwa tiba moja, ilipiwe mara moja. Hospitali za wilaya ziwe na kifaa cha kupimia presha ya jicho na muuguzi anayejua kukitumia, mtu wa Njombe asisafiri usiku kucha kwa kipimo cha dakika chache.

Na iwepo kadi. Kila mama hapa nchini anaijua kadi ya kliniki ya mtoto: tarehe ya chanjo imeandikwa, muuguzi anaisoma kwa sauti, mama anairudia. Mwenye mafuta jichoni apewe ya kwake, kwa Kiswahili: una mafuta jichoni, yaliwekwa tarehe fulani, rudi kabla ya tarehe fulani, piga namba hii. Gharama yake ni karatasi na wino.

Mwezi uliopita jirani yetu, mama wa watoto watatu, amerudi kutoka Dar na mafuta jichoni. Karatasi yake ina herufi zile zile nne. Tulimpigia simu daktari wake, nami nikaandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi, kisha mama yangu akaibandika ukutani kwake, juu ya meza ya chakula.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Njombe