Cubs wa 1908 hawakubebwa na pointi za mezani

Mhariri,

Makala ya besiboli mliyochapa kwenye ukurasa wa michezo imedai kwamba Chicago Cubs walitwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa ya Marekani mwaka 1908 kwa pointi za mezani, baada ya kijana mbumbumbu wa New York Giants kusahau kukanyaga besi. Jina la kijana mmelipata: Fred Merkle. Tarehe pia ni hiyo, Septemba 23. Yaliyobaki yanahitaji kunyooshwa, tukianzia kwenye hesabu, maana ndiko mlikoteleza.

Besiboli haina pointi za msimamo kama soka. Ligi ilikuwa na timu 8, kila moja ikikutana na mwenzake mara 22, jumla michezo 154. Timu hupangwa kwa asilimia ya ushindi: michezo uliyoshinda, gawanya kwa ile uliyoshinda na kupoteza. Sare haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Haikupi kitu wala haikunyang'anyi kitu. Ni kama haikuchezwa, na enzi zile ikibidi ilirudiwa. Ndiyo maana mnaposema Cubs "walipewa sare wakapata pointi moja", mtu anayeujua mchezo huu anabaki ameduwaa. Pointi ipi?

Sasa twende kwenye tukio lenyewe. Uwanja ni Polo Grounds, New York. Joe Tinker wa Cubs alikuwa amepiga mpira mrefu akazunguka besi zote hadi nyumbani, alipoanzia, jambo linaloipa timu alama moja; Giants wakasawazisha, na matokeo yalikuwa 1-1 nusu ya pili ya zamu ya 9, ambayo ni ya mwisho, Giants wakiwa upande wa kupiga. Wapigaji wao wawili walikuwa wameshatoka; akitoka wa tatu, zamu inakwisha. Moose McCormick alisimama besi ya tatu, Merkle besi ya kwanza. Al Bridwell akapiga mpira uliotua katikati ya uwanja. McCormick akakimbia nyumbani, mashabiki wakamwagika uwanjani kushangilia. Merkle alipoona alama imeingia akakatisha mbio kabla ya kufika besi ya pili, akageuka kukimbilia chumba cha wachezaji.

Msomaji wa soka atauliza: kama McCormick alishafika nyumbani, Merkle ana kazi gani tena? Jibu ni kanuni ya kutolewa kwa lazima. Mpigaji akishapiga mpira ukatua chini, lazima akimbilie besi ya kwanza. Aliyekuwa pale hawezi kubaki, kwa kuwa besi moja haikai watu wawili. Anahamia ya pili apende asipende. Mlinzi hahitaji hata kumgusa. Akiwa na mpira mkononi na mguu juu ya besi ya pili kabla mkimbiaji hajafika, huyo ametoka. Na kama huyo ni mtu wa tatu kutoka, alama yoyote iliyoingia katika tukio hilo inafutwa. Haijalishi iliingia sekunde ngapi kabla. Hapa ndipo wengi wanapochanganya, wakidhani mwamuzi anaangalia kipi kilitangulia. Kutangulia kuna maana pale mtu wa tatu anapotolewa kwa kuguswa na mpira njiani bila kulazimika kuhama. Kwenye kutolewa kwa lazima hakuna kutangulia.

Johnny Evers, mlinzi wa besi ya pili wa Cubs, aliijua kanuni hiyo kama jina lake. Akapiga kelele aletewe mpira. Joe McGinnity wa Giants, aliyekuwa akiwaelekeza wakimbiaji pembeni mwa besi ya tatu, akashtukia kinachoendelea, akaunyakua na kuutupa kwenye umati. Kama ule ambao Evers aliushika baadaye akiwa juu ya besi ndio uleule au mwingine, mashahidi walibishana hadi wakazeeka. Mwamuzi Hank O'Day alimtoa Merkle, akafuta alama, na kwa kuwa uwanja ulishafurika watu na giza linaingia, mchezo ukaandikwa sare 1-1.

Kuna jambo dogo ambalo makala hayakuligusa. Dakika chache tu kabla, katika zamu hiyohiyo, Art Devlin wa Giants alitolewa besi ya pili kwa kanuni hiyohiyo, McCormick alipopiga mpira wa chini. Hakuna aliyelalamika.

Kumwita Merkle mbumbumbu ni kurudia matusi ya magazeti ya wakati ule. Alikuwa na miaka 19, ameanza mchezo huo kwa sababu Fred Tenney, mlinzi wa kawaida wa besi ya kwanza, alikuwa anaumwa mgongo. Na alilolifanya lilikuwa desturi ya ligi nzima: alama ya ushindi ikiingia, wachezaji hukimbilia chumbani kabla umati haujawameza, na pale Polo Grounds chumba hicho kilikuwa upande wa mbali wa uwanja. Waamuzi walikuwa wanafumba macho. Septemba 4, kule Pittsburgh, Warren Gill wa Pittsburgh Pirates alifanya vilevile dhidi ya Cubs haohao. Evers alilalamika, lakini O'Day, aliyechezesha peke yake, alikuwa anamtazama mfungaji na hakuona kilichotokea besi ya pili. Pirates wakabaki na ushindi wao wa 1-0. Wiki zisizozidi tatu baadaye, O'Day huyohuyo, safari hii akiwa na mwenzake Bob Emslie, alijua pa kutazama. Aliyestahili lawama New York ni benchi la ufundi, ambalo lingeweza kuwaonya wachezaji baada ya kisa cha Pittsburgh.

Turudi kwenye hizo pointi za mezani. Ni kweli ziliombwa, na zilinyimwa. Cubs walitaka wapewe mchezo kwa kuwa wenyeji walishindwa kudhibiti umati. Giants nao walitaka 2-1 yao irudishwe. Rais wa ligi, Harry Pulliam, aliunga mkono uamuzi wa sare, na wakuu wa ligi wakaamuru mchezo urudiwe Oktoba 8 endapo utahitajika.

Ulihitajika kwa sababu Giants walijikwaa wenyewe. Mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) chipukizi wa Philadelphia, Harry Coveleski, aliwafunga mara tatu ndani ya siku tano. Wangeshinda mmoja tu kati ya hiyo mitatu wangemaliza 99-54, yaani kushinda 99 na kupoteza 54, na kisa cha Merkle kingekuwa mzaha wa vijiweni. Badala yake walilazimika kuwafunga Boston mara tatu mfululizo ili wafikie 98-55 sawa na Cubs. Pirates walishaaga wakiwa na 98-56 baada ya kufungwa 5-2 na Cubs Oktoba 4.

Mchezo wa marudio ulichezwa palepale Polo Grounds, mbele ya mashabiki wa Giants. Mrushaji wa Cubs, Jack Pfiester, alichemsha zamu ya kwanza, na nahodha Frank Chance hakumpa muda; akamwingiza Mordecai Brown. Huyu ndiye yule aliyekatwa kidole cha shahada na mashine ya shambani utotoni, na vidole vilivyobaki vikampa mpira unaozama ghafla mbele ya mpigaji. Kumbukeni pia mipira ya enzi zile: mmoja ulitumika mpaka ukawa mweusi kwa tope na mate ya tumbaku, na kuupaka mate kulikuwa halali. Alama moja ilikuwa mali. Zamu ya tatu Tinker akampiga Christy Mathewson, aliyeshinda michezo 37 msimu huo, mpira mrefu uliompeleka besi ya tatu. Cubs wakapata alama nne, na wakamaliza 4-2.

Kwa hiyo jedwali mlilochapa lirekebishwe hivi: Chicago 99-55, New York 98-56, Pittsburgh 98-56. Na sehemu mliyoandika kwamba Merkle "alitokomea asionekane tena" ifutwe. Alicheza ligi kuu miaka mingi baadaye, ikiwemo misimu ya 1917 hadi 1920, akiwa na jezi ya Chicago Cubs.

Msomaji wenu