Bondi ya mafunzo iwe na hesabu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua maana hili jambo la bondi ya mafunzo, yaani karatasi unayosaini kwamba ukiacha kazi mapema utalipia kozi, linatuumiza mafundi wengi hapa Dar na tunakaa nalo kimya.

Mimi ni fundi wa jenereta, nakaa Tabata. Kampuni niliyokuwepo ilitupa kozi ya siku 9, tena sio mbali, ni hapo hapo karakana kwao na mwalimu ni foromani wetu aliyekuwa anatuelekeza kila siku hata kabla ya hiyo kozi. Asubuhi ya kwanza hatujagusa hata spana tukapewa karatasi tusaini juu ya boneti ya pikapu, haraka haraka, nakala hatukupewa. Ukiondoka kabla ya miaka 3 unalipa milioni 6. Mimi nimeondoka imebaki miezi 4, mama anaumwa na mshahara ule hata dawa hautoshi, wakanidai milioni 6 ile ile kamili utadhani nilitoroka siku ya pili. Nikaomba mchanganuo, nikapewa karatasi ina mstari mmoja tu, gharama za mafunzo 6,000,000, hakuna risiti wala muhuri.

Sisemi mabosi hawaumii. Kuna mwenzetu wiki ya tatu tu baada ya kozi kahamia kwa washindani wao, huyo kwa kweli wana haki ya kumdai. Ila mimi niliyetumika miaka 2 na miezi 8 nidaiwe sawa na yeye? Deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, basi. Kwa hesabu hiyo ningedaiwa kama laki 6 na elfu 67 na ningelipa bila kelele.

Halafu cheti cha utumishi wamekizuia, wanasema mpaka nilipe, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ukiacha kazi. Vijana mnaosaini sasa hivi, dai nakala yako hapo hapo, na mkikwama nendeni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, msikae nyumbani kuogopa.

Na hao wanaosema bila bondi wafanyakazi watakimbia, yule foromani yupo pale mwaka wa 14 na hajawahi kusaini bondi yoyote. Mwanae alipolazwa kampuni ililipa bili yote na hawakumkata hata shilingi.

Fundi jenereta,
Tabata, Dar es Salaam